Kabla ya kununua visikilizi vya jimu, liulize sikio

Mwalimu akikosea mbele ya wanafunzi wake, ana njia mbili: kulikiri kosa lake au kulifunika kwa maneno mengi. Asubuhi moja, miaka miwili iliyopita, mimi niliifuata njia ya pili. Lilikuwa somo la fonetiki, saa mbili asubuhi, nasi tulikuwa tukishughulikia vikwamizo vya Kiswahili. Nilikuwa nimeandika ubaoni maneno matatu ambayo walimu wa somo hili huyapenda: thamani, samani na zamani. Kinachoyatenganisha ni sauti moja tu ya mwanzo, ilhali maana zake zimeachana kama mbingu na ardhi. Nikamwomba binti mmoja aliyeketi safu ya nyuma alitamke neno la pili. Akalitamka.

"Hilo ni thamani," nikamwambia. "Mimi nataka samani."

Akarudia. Nikamrekebisha tena. Aliporudia mara ya tatu, nikaligeukia darasa na kuanza kueleza habari za athari ya lugha ya kwanza, na jinsi mtu anavyoweza kuliogopa kosa moja hadi akaangukia jingine. Binti wa watu akainamisha kichwa. Ndipo mwenzake wa safu ya mbele aliponyosha mkono na kusema kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Amesema samani. Mara zote tatu."

Darasa zima likanyamaza, na katika kimya kile nikausikia mlio mwembamba masikioni mwangu, mfano wa nyenje wa usiku. Ulimi wa mwanafunzi haukuwa na kasoro yoyote. Kasoro ilikuwa katika sikio la mwalimu, na chanzo chake kilikuwa ndani ya mfuko wa koti langu: visikilizi vya shilingi 600 nilivyokuwa nimevivua muda mfupi kabla ya hapo, nilipotoka jimu.

Naam, visikilizi. Vijana huviita iafoni, na vile vikubwa vinavyokumbatia kichwa huitwa hedifoni. Sina ugomvi na majina hayo, kwani lugha iliyo hai hukopa kama mfanyabiashara akopavyo mtaji. Katika makala haya, hata hivyo, nitatumia neno visikilizi kwa maana ya vyombo hivyo vyote, vidogo kwa vikubwa. Nitakapotaka kutofautisha aina moja na nyingine, nitasema waziwazi.

Nimesukumwa kuandika kwa sababu mtindo wa kwenda jimu umeenea mno katika miji yetu, na kila Januari kumbi hizo hufurika watu waliojiapiza kupunguza kitambi. Wengi wao hununua viatu, kisha chupa ya maji, kisha visikilizi. Na katika ununuzi huo wa tatu, maswali wanayoyauliza ni matatu vilevile: bei gani, jina gani na besi yake ikoje? Sijawahi kumsikia mtu akiuliza kwa niaba ya sikio lake. Mimi mwenyewe sikuuliza. Kijana aliyeniuzia katika barabara ya Luthuli jijini Nairobi alinihakikishia hivi: "Ukivaa hizi, mzee wangu, hutasikia mtu." Ahadi yake ilitimia, ila si kwa namna aliyoikusudia.

Hebu kwanza tuutendee haki muziki. Haja ya kuusindikiza mwili unaotaabika kwa wimbo haikuletwa na vyombo vya umeme. Wasomi wa fasihi simulizi yetu wanazijua hodiya, yaani nyimbo za kazi. Wanazijua wawe za wakulima na kimai za wanamaji. Wakulima waliinua majembe pamoja na kuyashusha pamoja kwa kufuata mapigo ya wimbo, na jua likasahaulika. Wataalamu wa saikolojia ya michezo, miongoni mwao Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel mjini London, wamelithibitisha jambo hilo kwa vipimo. Katika mazoezi ya nguvu ya kadiri, muziki hupunguza hisia ya uchovu. Mtu akijisukuma hadi karibu na kikomo cha nguvu zake, mwili humlilia kwa nguvu kuliko wimbo, na faida hiyo hupungua. Nyimbo zinazopendekezwa aghalabu ni zile zenye mapigo kati ya 120 na 140 kwa dakika.

Itakumbukwa pia kwamba mnamo Februari 1998, mjini Birmingham nchini Uingereza, Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mbio za mita 2,000 za ndani ya ukumbi huku wimbo uitwao Scatman ukipigwa uwanjani. Alipenda kukimbia kwa kuyafuata mapigo yake. Tuzingatie, lakini, kilichomsaidia bingwa yule: ni mapigo ya wimbo, yaliyolingana na hatua zake. Wimbo wenyewe ulitoka kwenye vipaza sauti vya uwanja, kwa maana sheria za riadha haziwaruhusu washindani kuvaa vyombo vya muziki. Tukilielewa hilo, tutaona kwamba anayeongeza sauti akidhani anaongeza nguvu za miguu anakosea kitufe. Angebadilisha wimbo.

Je, kwa nini basi tunaongeza sauti? Jibu ni kelele. Jimu yenyewe haina utulivu. Kuna muziki wa ukumbi, kuna mvumo wa mashine za kukimbilia, kuna vyuma vinavyoangushwa sakafuni kwa kishindo. Vipimo vilivyofanywa katika vipindi vya mazoezi ya pamoja nchi mbalimbali vimeonyesha mara nyingi sauti ikizidi desibeli 90. Mtu anayeingia humo na visikilizi visivyoziba mfereji wa sikio hupokea kelele hizo zote pamoja na muziki wake. Ili wimbo wake usimezwe, huupandisha juu ya kelele, na sikio hubeba mizigo miwili kwa pamoja. Mwaka 1911, daktari Mfaransa aitwaye Étienne Lombard alichapisha matokeo ya uchunguzi wake kwamba binadamu hupaza sauti bila kujijua anapozungukwa na kelele. Sisi wa isimu tunakifahamu kisa hicho kwa upande wa ulimi. Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba kidole kilicho juu ya kitufe cha sauti kina tabia iyo hiyo.

Juma lile la aibu nilimwendea daktari wa masikio. Alinifungia katika chumba kidogo kisichopitisha sauti, akanipa kitufe cha kubonyeza kila nisikiapo mlio, kisha akanichorea grafu. Mstari wa sikio la kulia ulikuwa umenyooka kwa kiasi. Ule wa sikio la kushoto ulikwenda vizuri hadi ukaribiapo mitetemo 4,000 kwa sekunde, ukatumbukia kama gari kwenye shimo, kisha ukapanda tena. "Daktari mwenzangu," akaniambia kwa utani uliobeba huruma, maana alijua udaktari wangu ni wa maneno, "shimo hili ni sahihi ya kelele. Wewe unafanya kazi kiwandani?" Nikamwambia kiwanda changu ni jimu, siku tano kwa juma.

Alinieleza mambo ambayo kwa sehemu nilikuwa nikiyafundisha, nami sikuwahi kuyahusisha na nafsi yangu. Ndani ya sikio mna kiungo kilichojipinda kama kombe la konokono, kiitwacho koklea. Humo mna takriban seli 15,000 zenye vinyweleo, na kazi yake ni kuigeuza mitetemo kuwa habari ya neva. Zilizo mlangoni mwa kombe hushughulikia sauti nyembamba za juu, na zilizo ndani kabisa hushughulikia sauti nzito za chini. Georg von Békésy alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1961 kwa kueleza jinsi wimbi la sauti linavyosafiri humo. Kelele ikizidi, seli hizo huchoka, na mtu husikia kama aliyejazwa pamba masikioni kwa saa kadhaa, pengine siku nzima. Huo ndio uchovu nilioingia nao darasani asubuhi ile. Akipumzika hupona. Akirudia kila siku, seli hufa, tena zile zinazohusika na eneo la mitetemo 4,000 ndizo hutangulia. Kuku akiharibikiwa na seli hizo huota nyingine. Binadamu hakujaliwa neema hiyo.

Sasa tuingie katika uwanja wangu, maana hapa ndipo penye uzito wa jambo. Irabu zetu tano, a, e, i, o, u, zina sauti kubwa, na nguvu zake nyingi ziko katika mitetemo ya chini. Konsonanti, hasa vikwamizo kama s, sh, f na th, ni sauti hafifu, na utambulisho wake uko juu. Sauti s, kwa mfano, hukusanya nguvu zake juu ya mitetemo 4,000. Laini za simu za zamani zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu. Ndiyo sababu mtu akitaja jina lake kwenye simu ile alilazimika kufafanua: F ya fisi, S ya samaki. Mtu ambaye kelele imemlia upande wa juu wa usikivu anaishi ndani ya simu ya namna hiyo mchana na usiku. Irabu anazipata, na kwa hiyo anajua kwamba watu wanazungumza. Konsonanti zinampita, na kwa hiyo hajui wanasema nini. Atalalamika kwamba vijana wa leo wanamumunya maneno. Atasema anasikia vizuri, naye atakuwa mkweli, kwa sababu kusikia anasikia. Kuelewa ndiko kunakomtoka.

Swali linalozuka ni je, kiasi gani cha sauti ni salama? Shirika la Afya Duniani pamoja na Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano ya Simu walitoa mwongozo mwaka 2019. Kwa mtu mzima, posho ya juma zima ni desibeli 80 kwa saa 40. Desibeli hazihesabiwi kama maembe. Kila zinapoongezeka 3, nguvu ya sauti inayoingia sikioni huwa imezidi maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu. Hivyo basi, kwa desibeli 90 posho ya juma ni saa 4. Kwa 95 ni saa moja na robo. Kwa 100 ni takriban dakika 20. Tuchukulie mtu anayefanya mazoezi saa moja kila siku kwa desibeli 95. Jumatatu atatumia dakika 60, na Jumanne, robo saa baada ya kuanza, posho yake ya juma itakuwa imekwisha. Jumatano, Alhamisi na Ijumaa anakula mtaji.

Nchini Kenya, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kelele katika mahali pa kazi zinakataza mfanyakazi kukabiliwa na zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8. Fundi wa mashine, basi, ana sheria na mkaguzi wa kumtetea. Mwenda jimu hana mkaguzi. Kelele yake ameinunua mwenyewe na kuichomeka mwenyewe, na anayeweza kumtetea ni yeye peke yake, siku ile anapokwenda dukani.

Dai langu, kwa hiyo, ni moja: kisikilizi bora cha jimu ni kile kinachokuwezesha kuusikia wimbo wako kwa sauti ya chini kabisa katikati ya kelele. Sifa nyingine zote zifuate nyuma ya hiyo.

Tuanze na umbo. Visikilizi vya plastiki tupu, vinavyoegemea mlangoni mwa sikio, ndivyo nilivyokuwa navyo. Haviiziri kelele, na jasho likianza kutiririka huteleza na kuanguka. Hedifoni kubwa huzuia kelele kwa kiasi kizuri, lakini hupasha masikio joto, mito yake hunywa jasho, na ukilala kwenye benchi kuinua vyuma huhama mahali pake. Vinavyofaa zaidi, kwa maoni yangu, ni vile vidogo vyenye vichwa vya mpira laini vinavyoingia ndani kidogo na kuuziba mfereji. Hapo kelele ya ukumbi hupungua kabla muziki haujaanza, na mtu hujikuta ameshusha sauti bila kulazimishwa.

Uzibaji huo, hata hivyo, hutegemea kipimo. Pakiti nzuri huwa na vichwa vya mpira vya ukubwa wa aina tatu au zaidi, na watu wengi hawajishughulishi kuvijaribu. Tena masikio mawili ya mtu mmoja si lazima yalingane. Mimi hutumia kidogo upande wa kulia na cha kati upande wa kushoto. Namna ya kupima ni rahisi, nami naitoa katika darasa la fonetiki bila malipo. Vaa visikilizi pasi na muziki, funga mdomo, kisha vumisha sauti m kwa muda. Ukiisikia imejaa kichwani, kana kwamba umeingia ndani ya mtungi, mpira umeziba sawasawa. Ukiisikia kama kawaida, kuna upenyo, badilisha kipimo. Uzibaji una ila yake, nisiufiche: ukikimbia kwenye mashine utasikia kishindo cha nyayo zako kikipanda hadi kichwani. Ila hiyo huzoeleka. Seli zilizokufa hazizoeleki.

Kuna visikilizi vya kisasa vyenye uwezo wa kufuta kelele. Vina maikrofoni ndogo inayoisikiliza kelele ya nje, kisha chombo huzalisha wimbi la kinyume chake ili mawili hayo yauane. Wazo hilo linahusishwa sana na Amar Bose, aliyeanza kulifanyia kazi baada ya safari ya ndege mwaka 1978. Ufundi huu hufaulu dhidi ya mvumo mzito usiokatika, kama wa mashine za kukimbilia na mapangaboi. Dhidi ya chuma kinachoanguka ghafla haufui dafu, kwa sababu kishindo hicho hakingoji kupimwa. Kama mfuko unaruhusu, ni msaada mwema. Kama hauruhusu, mpira unaoziba vizuri hufanya sehemu kubwa ya kazi kwa bei ndogo.

Vipo pia vile visivyoingia sikioni kabisa, vinavyoketi juu ya mfupa wa shavu na kupitisha mtetemo humo. Wako wanaodhani kwamba kwa kuwa mfereji umeachwa wazi, basi sikio limeokoka. Hilo ni kosa. Mtetemo ule unafika kwenye koklea ile ile na seli zile zile. Ndani ya jimu yenye kelele, mwenye kuvivaa hupandisha sauti sawa na mimi nilivyofanya. Mahali pake pa haki ni nje, barabarani. Anayekimbia alfajiri kando ya barabara zetu anahitaji kuisikia bodaboda inayokuja nyuma bila taa, na kwake sikio lililozibwa ni hatari ya kifo. Jimu si barabara. Chombo kinachofaa pa kwanza kinaweza kukuua pa pili, na mwenye kuzuru pote pawili aghalabu atahitaji vyombo viwili, ama kimoja chenye uwezo wa kuiruhusu sauti ya nje kupita anapotoka mlangoni.

Baada ya umbo, tutazame jasho. Jasho ni maji ya chumvi, na chumvi hula chuma. Kwenye pakiti tafuta herufi IP zikifuatwa na alama mbili. Ya kwanza hueleza kinga dhidi ya vumbi, na mahali pake pakiwa na X maana yake hakikupimwa kwa vumbi. Ya pili hueleza kinga dhidi ya maji: 4 ni maji yanayorukia kutoka kila upande, 5 ni maji yanayofyatuliwa kwa mrija, na 7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita moja kwa dakika 30. Kwa mtu wa jimu, IPX4 ndiyo iwe chini kabisa. Lakini asidanganyike, kwa maana vipimo hivyo hufanywa kwa maji matamu. Vifute kila umalizapo, uvikaushe kabla ya kuvirudisha kwenye kasha. Vichwa vya mpira vivue na kuvisafisha, kwani nta na unyevu ni makao ya vijidudu. Na usiazime wala kuazimwa. Ukarimu wetu ni mwema mezani. Sikioni hauna nafasi.

Kuhusu waya, mwenye kuinua vyuma atafaidika kwa kuukosa, kwa sababu hunaswa na kung'oa visikilizi vyenyewe. Mwenye kutembea kwenye mashine tu anaweza kuridhika na waya na kuokoa fedha zake. Kuhusu jina la kampuni, vitu bandia vyenye nembo za kifahari vimejaa sokoni, na kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usinunue kitu ambacho muuzaji hakuruhusu kukijaribu hapo hapo, barabarani penye kelele, kwa sauti iliyo chini ya nusu. Kama wimbo haueleweki kwa kiwango hicho, kirudishe, hata kama besi yake inatikisa meno.

Najua pingamizi litakalofuata. Msomaji atasema kwamba muziki wa chini haumpandishi mori, na kwamba shilingi zake ni chache. La kwanza nimeshalijibu: mori huletwa na mapigo na mapenzi ya mtu kwa wimbo, na sikio lililozoea makelele hujifunza upya kutosheka katika majuma machache, kama ulimi unavyozoea chai isiyo na sukari nyingi. La pili ni zito zaidi, nami silipuuzi. Lakini simu nyingi za leo zina mpangilio wa kuwekea sauti kikomo, na mpangilio huo hauongezi bei. Weka kikomo karibu na asilimia 60, kisha mwombe mwanao au mpwa wako ashike namba ya siri. Anayekwenda jimu tulivu, au saa za uchache wa watu, anaweza hata kuvitumia visikilizi alivyo navyo. Na kama mtu aliye umbali wa mkono mmoja anakupigia makelele nawe humwelewi, hapo huhitaji kipimo cha daktari.

Kampuni ya Sony ilipotoa Walkman ya kwanza mwaka 1979, chombo kile kilikuwa na matundu mawili ya visikilizi, ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa. Ukikibonyeza, muziki ulishuka na maikrofoni ikakuletea sauti ya mwenzio. Waliokiunda waliona haya kumtenga mtu na jamaa zake. Matoleo ya baadaye yaliviacha vitu hivyo viwili, na hakuna aliyelalamika. Hodiya za wazee wetu ziliwakusanya watu katika mdundo mmoja. Visikilizi vyetu vimempa kila mtu mdundo wake, na hilo si dhambi. Dhambi ni kuufanya mdundo huo uwe wa mwisho tutakaousikia vizuri.

Mimi nilinunua vingine, vya vichwa vya mpira, kwa bei iliyoniuma. Mlio wa nyenje umepungua, haujaisha. Lile shimo kwenye grafu liko palepale, na daktari wangu hanifichi kwamba halitajaa.

Kipindi kilichofuata baada ya aibu ile nilisimama mbele ya darasa na kumwomba radhi yule binti kwa kinywa kile kile nilichomhukumia. Akajibu tu, "Haidhuru, Mwalimu." Tangu siku hiyo, mwanafunzi akitamka neno nikashuku, simwambii amekosea. Humwomba aje karibu, upande wa sikio la kulia, arudie.